Kila mtoto huja na sahani yake? Idadi ya watu na maendeleo, tukitazama kutoka Nyawera

Ukisimama karibu na soko la Nyawera saa moja ya asubuhi, utaona mambo matatu kwa wakati mmoja. Wanafunzi wenye mashati meupe wanapita kwa makundi kwenda shule. Watoto wengine wa umri uleule wanapita na bidoni za njano wakitafuta maji. Na kina mama waliotoka Kabare na Walungu kabla ya jua wanashusha mizigo ya sombe, lengalenga, ndizi na makaa. Katika mambo hayo matatu, yaani shule, maji na chakula kinachotoka kijijini, somo zima la makala hii limo.

Siku moja nilimwuliza mama mmoja anayeuza sombe pale kama watoto saba si mzigo mkubwa kwa biashara ndogo kama yake. Alicheka, akanijibu kwa msemo ambao sote tumeusikia: “Mwanangu, kila mtoto huja na sahani yake.” Kisha akafunga fungu la sombe, akaongeza kwa sauti ya chini: “Ila siku hizi sahani nyingine zinakuja tupu.”

Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kuuliza msemo umetoka wapi na unatumiwa na nani. Leo napenda tuuulize swali lingine: je, ni kweli? Watu wakiongezeka, uchumi na maisha ya jamii hufuata njia gani? Na je, maisha yakibadilika, idadi ya watu nayo hubadilika? Wataalamu wa demografia wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka mia mbili. Nitajaribu kueleza walichofikia kwa mifano ya kwetu na ya majirani zetu.

Kwanza tuhesabu

Sensa ya mwisho katika nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Maana yake ni kwamba karibu kila mwanafunzi anayesoma ukurasa huu hajawahi kuhesabiwa na taifa lake hata mara moja. Wazazi wetu wengi walihesabiwa wakiwa watoto, au hawakuhesabiwa kabisa. Tangu hapo tunaishi kwa makadirio na tafiti za sampuli. Ni kama baba wa nyumba anayenunua unga bila kujua ni wangapi watakaa mezani.

Hata hivyo, makadirio yanatosha kutuonyesha mwelekeo. Mwaka 1984 nchi nzima ilikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni 30. Kwa mwaka 2024, Umoja wa Mataifa unakadiria karibu milioni 109. Nchi imejizidisha mara tatu na nusu katika miaka 40. Mji wa Bukavu, katika sensa hiyohiyo, ulikuwa na watu karibu 170,000. Makadirio yanayotumiwa siku hizi yanapita milioni moja. Mji umejizidisha karibu mara sita.

Kuna hesabu moja nyepesi ambayo kila mtu anaweza kuifanya bila mashine. Ukitaka kujua baada ya miaka mingapi watu watakuwa mara mbili, gawa 70 kwa asilimia ya ongezeko la kila mwaka. Nchi yetu imekuwa ikiongezeka kwa asilimia 3 na kidogo kwa mwaka: 70 kugawanya kwa 3 ni miaka 23 hivi. Bukavu imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 4: yaani mara mbili kila miaka 16 au 17. Mtoto akizaliwa Bukavu, siku anapopata diploma ya taifa mji wake una watu mara mbili ya wale waliomkuta.

Tuendelee kidogo na hesabu. Kama Bukavu ingeongezeka kwa mwendo wa nchi nzima tu, wale 170,000 wangekuwa leo karibu laki sita. Lakini mji una zaidi ya milioni. Basi hao wengine, watu laki nne na zaidi, hawaelezwi na uzazi wa mjini peke yake. Kwa sehemu kubwa wao ni waliokuja kutoka vijijini, pamoja na watoto na wajukuu wao. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatufundisha jambo la kwanza: anayesema mji umejaa kwa sababu kina mama wanazaa sana ameona nusu tu ya habari.

Milango mitatu

Idadi ya watu hubadilika kwa njia tatu tu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Fikiria nyumba yenye milango mitatu. Wengine wanaingia kwa mlango wa materinite, wengine wanatoka kwa mlango wa makaburi, na mlango wa tatu, ule wa barabara, watu wanaingia na kutoka.

Zamani, karibu kila mahali duniani, milango miwili ya kwanza ilikuwa wazi sawasawa. Wanawake walizaa watoto wengi, na wengi wa watoto hao walikufa kabla ya kukua. Idadi iliongezeka polepole sana. Kisha Ulaya, kuanzia karne ya 18 na ya 19, vifo vilianza kupungua kwa sababu ya chakula bora, maji safi, usafi na baadaye chanjo. Uzazi haukupungua mara moja. Ilipita miaka mingi kabla ya wazazi kuona kwamba watoto wanaishi na kwamba hawahitaji tena kuzaa wanane ili wabaki wanne. Katika kipindi hicho cha katikati watu waliongezeka kwa kasi. Mwishowe uzazi nao ukashuka, na ongezeko likatulia. Safari hii wataalamu, akiwemo Frank Notestein aliyeandika juu yake mwaka 1945, wameiita mpito wa kidemografia.

Sisi tuko wapi katika safari hiyo? Tuko katikati. Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba mwaka 2007, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 148 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2013–2014, idadi hiyo ilishuka hadi 104. Ni maendeleo makubwa, na tuseme wazi kwamba kila mtoto mmoja kati ya hao waliopona ni furaha ya nyumba moja. Lakini katika utafiti huohuo wa 2013–2014 wastani wa uzazi ulikuwa watoto 6.6 kwa mwanamke. Ni katika miaka ya karibuni tu ambapo wastani umeanza kushuka chini ya sita. Mlango wa makaburi umeanza kufungwa, lakini ule wa materinite bado uko wazi kama zamani. Ongezeko letu linatoka hapo. Halikuletwa na watu kuzaa kuliko babu zao. Limeletwa na watoto kupona kuliko zamani.

Je, watu wengi huleta umaskini?

Mwaka 1798 Mwingereza Thomas Malthus alitoa jibu la kutisha. Alisema watu huongezeka kwa kuzidishana, yaani mbili, nne, nane, kumi na sita, lakini chakula huongezeka kwa kujumlishwa tu, yaani mbili, tatu, nne, tano. Basi siku moja watu watapita chakula, na njaa, magonjwa na vita vitarudisha hesabu chini.

Ukienda Bushi, ni rahisi kumwamini Malthus. Chukua mfano wa babu mwenye hekta mbili za shamba na wana wanne. Kwa desturi, kila mwana atapata nusu hekta. Kila mmoja naye akiwa na wana wanne, mjukuu atapata sehemu ya nane ya hekta, yaani kipande cha mita 25 kwa 50. Apande nini hapo? Migomba, mihogo na maharage vyote vinataka nafasi, na nyumba yenyewe inakaa palepale. Ardhi haipumziki tena, rutuba inaisha, mvua inashusha udongo bondeni. Tangu wakati wa ukoloni, waganga na watafiti wa Lwiro na Katana walikuwa wakiandika juu ya watoto wa Bushi wenye kwashiorko.

Lakini mwaka 1965 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alimgeuza Malthus kichwa chini. Alisema watu wakiwa wachache hawana sababu ya kulima kwa bidii. Wanachoma msitu, wanalima, wanahama. Ni wanapobanana ndipo wanapoanza kutumia mbolea, kutengeneza matuta, kuchimba mifereji. Kwake yeye, wingi wa watu unaweza kuwa mama wa ujuzi.

Nani ana haki? Twende Machakos, nchini Kenya. Katika miaka ya 1930 wakubwa wa kikoloni waliitazama wilaya hiyo ya Wakamba wakasema imekufa: udongo umeoshwa, watu wamezidi, mifugo imezidi. Miaka sitini baadaye, watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walirudi kuangalia. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano. Lakini milima ilikuwa na matuta, miti ilikuwa mingi kuliko zamani, na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda. Kitabu chao cha mwaka 1994 kilionyesha kwamba watu waliongezeka na mmomonyoko ukapungua. Kwa sisi wa lugha kuna zawadi ndani yake: aina moja ya tuta inayotumika huko, ambapo udongo unatupwa upande wa juu wa mfereji, inaitwa “fanya juu”, na maneno hayo mawili ya Kiswahili yameingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa.

Kwa nini basi Machakos ikawa vile na Bushi ikawa hivi, wakati zote mbili zilibanwa na wingi wa watu? Hapo ndipo jibu lenyewe lilipo. Wakulima wa Machakos walikuwa na soko la Nairobi karibu, na barabara ya kufika huko. Walikuwa na hakika kwamba shamba ni lao, na fedha za mishahara ya ndugu waliofanya kazi mjini zilirudi kununua majembe na kulipa shule. Bushi, katika ukoloni, ilipoteza ardhi kubwa iliyogawiwa walowezi kwa mashamba ya kwinini, kahawa na chai. Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilikuwa na kazi hiyo. Baada ya uhuru, sheria ya ardhi ya 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali, na mashamba mengi ya walowezi yakaenda kwa wakubwa wenye uwezo wa kupata karatasi. Mkulima mdogo alibaki na kalinzi yake ya kimila mbele ya mwami, au akakodi kipande kwa msimu kwa njia ya bwasa. Anayekodi kwa msimu hapandi mti wala hatengenezi tuta, kwani mwakani shamba litakuwa la mwingine. Kisha vita vilivyoanza 1996 vikachukua ng’ombe. Ng’ombe wakienda, samadi inaenda. Samadi ikienda, migomba inadhoofika. Mnyauko wa migomba na batobato ya mihogo vilimalizia kazi.

Kwa hiyo wingi wa watu peke yake hautoi hukumu. Ni kama mvua: kwenye shamba lenye matuta huleta mavuno, kwenye mteremko mtupu huleta maporomoko. Swali ni hili: watu wanaongezeka juu ya kitu gani?

Umri wa watu kuliko wingi wao

Wataalamu wa siku hizi wanaangalia jambo lingine kuliko idadi yenyewe, nalo ni umri. Katika nchi yetu, karibu watu 46 kati ya 100 wana umri chini ya miaka 15. Hawa ni watu wa kula, kusoma na kutibiwa; bado hawajaanza kuzalisha. Mzigo wao unabebwa na walio katika umri wa kazi.

Tazama nyumba mbili za jirani. Katika ya kwanza, baba na mama wana watoto sita. Katika ya pili, baba na mama wenye mapato yaleyale wana watoto watatu. Nyumba ya pili haina akili zaidi wala upendo zaidi, lakini mwezi ukiisha kuna kitu kinachobaki. Kwa kitu hicho mama anaongeza mtaji wa biashara, au binti anaendelea na shule badala ya kubaki kulea wadogo zake. Zidisha nyumba hizo kwa mamilioni, utapata tofauti kati ya nchi mbili.

Serikali nayo inabanwa vilevile. Nchi ambayo watu wake wanakuwa mara mbili katika miaka 23 inapaswa kujenga madarasa mara mbili, vitanda vya hospitali mara mbili na mabomba ya maji mara mbili katika muda huo, ili ibaki palepale ilipokuwa. Kila kilichozidi hapo ndicho maendeleo. Tuliona jambo hili kwa macho yetu mwaka 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure. Watoto waliokuwa nyumbani kwa sababu ya minervali walikuja shuleni, na hilo lilikuwa jambo jema sana. Lakini madarasa yalikuwa yaleyale, na madawati yaleyale. Walimu walijikuta na wanafunzi wengi kuliko sauti yao.

Kinyume chake ni Korea ya Kusini. Karibu mwaka 1960 wanawake wa huko walizaa kwa wastani watoto sita, na nchi ilikuwa maskini imetoka vitani. Uzazi uliposhuka, kukawa na kipindi cha miaka kadhaa ambapo watu wa umri wa kazi walikuwa wengi, na watoto na wazee walikuwa wachache. Kipindi hicho kinaitwa mgao wa kidemografia. Wanauchumi David Bloom na Jeffrey Williamson walikadiria mwaka 1998 kwamba hadi theluthi moja ya ukuaji wa ajabu wa uchumi wa Asia ya Mashariki ilitokana na badiliko hilo la umri.

Lakini tusidanganyike. Theluthi moja si yote. Korea ilipeleka watoto shuleni, ikafungua viwanda, na kijana alipomaliza masomo alikuta kazi. Mgao wa kidemografia ni mlango unaofunguliwa mara moja, kwa muda. Usipokuwa na shule na kazi za kuwapa vijana, wingi wao haugeuki kuwa mali. Katika jimbo letu tunajua wanakoenda vijana wasiopata kazi: wengine kwenye moto kubeba abiria, wengine kwenye mashimo ya dhahabu ya Kamituga, na wengine kwenye bunduki. Na mlango ukifungwa, shida nyingine huja: leo Korea ina uzazi mdogo kuliko karibu nchi zote duniani, 0.72 kwa mwanamke mwaka 2023, na sasa inahangaika na wazee wasio na wa kuwatunza.

Maendeleo nayo hubadilisha uzazi

Turudi kwa mama wa sombe. Nilipomwuliza kwa nini alizaa saba, hakunitajia msemo tena. Alisema: “Wawili niliwazika. Nikizeeka, nani atanipa chai? Serikali?” Katika maneno hayo machache alieleza sura nzima ya vitabu vya demografia. Watu hawazai wengi kwa kutojua hesabu. Wanazijua hesabu zao vizuri. Mtoto ni furaha, ni mikono ya kazi, ni bima dhidi ya kifo cha mtoto mwingine, na ni pensheni ya mzee asiye na pensheni.

Kwa hiyo, anayetaka uzazi upungue bila kugusa sababu hizo anapoteza muda. Penye chanjo na maji safi, mama haogopi kuzika. Binti akikaa shuleni hadi kumaliza sekondari, anaolewa akiwa mkubwa, anajua mwili wake, na ana njia nyingine ya kupata mapato. Na mjini, ambako chumba ni cha kulipia na unga ni wa kununua, hesabu ya mtoto inabadilika: katika utafiti wa 2013–2014, wastani wa taifa ukiwa 6.6, Kinshasa ilikuwa na 4.2.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba badiliko linaweza kuja kwa haraka. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa na wastani wa watoto wapatao 8 kwa mwanamke, miongoni mwa wastani wa juu kabisa duniani. Katika utafiti wa 2022 ulikuwa 3.4. Rwanda, ng’ambo ya Ruzizi tu, ilitoka 6.1 mwaka 2005 ikafika 4.1 mwaka 2019–2020, pamoja na bima ya afya ya jamii na vituo vya afya vilivyo karibu na watu. Rwanda ina watu zaidi ya 500 kwa kilomita moja ya mraba. Kongo nzima haina hata 50. Mtu akitazama wastani huo atasema Kongo haina tatizo lolote, ardhi ni tele. Lakini mkulima wa Walungu haishi katika wastani. Msitu wa Tshuapa haumsaidii kama barabara ya kufika huko haipo na usalama wa kukaa huko haupo.

Mlango wa barabara

Kuhusu Bukavu, mlango wa tatu umefanya kazi kubwa. Mji huu, ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, ulipangwa kwa ajili ya watu wachache: Wazungu upande wa Ibanda na peninsula zake, Waafrika Kadutu na Bagira. Hakuna aliyefikiria milioni moja. Baada ya 1994 walikuja wakimbizi kutoka Rwanda. Baada ya 1996 walianza kuja watu wetu wenyewe, kutoka Bunyakiri, Shabunda, Mwenga na Walungu, wakikimbia vijiji vilivyochomwa na barabara zenye bunduki. Wengi hawakurudi. Mwanzoni mwa 2025 mji wenyewe ulipobadilisha mikono, maelfu ya watu walitoka tena, wengine hadi Burundi. Mlango wa barabara kwetu haufunguliwi na kazi ya kiwandani kama Ulaya ya zamani. Mara nyingi unafunguliwa na hofu.

Matokeo tunayaona. Nyumba zimepanda milima ambayo haipaswi kubeba nyumba, na mvua ikinyesha usiku watu wa Funu na Kadutu hawalali. Mabomba ya Regideso, yanayotegemea maji ya Murhundu, hayakukua pamoja na watu; ndiyo sababu ya zile bidoni za asubuhi. Na takataka? Chupa za plastiki tunazotupa kwenye mifereji zinashuka ziwani, ziwa linazisukuma hadi Ruzizi, na huko zinaziba mitambo ya bwawa la umeme. Mwaka 2022 zilileta ukosefu wa umeme mjini. Tazama mnyororo huo: watu wengi, huduma ya takataka hakuna, ziwa likajaa, taa zikazimika, cherehani ya fundi ikasimama. Hapo idadi ya watu na uchumi vimeshikana mikono mbele ya macho yetu.

Lakini tusiwalaumu waliokuja. Kina mama wanaoshusha mizigo Nyawera ndio wanaoulisha mji. Aliyekimbia Shabunda hakuleta ukosefu wa maji. Alikuta mabomba ya watu laki mbili.

Maneno tunayoyatumia

Namalizia kwa jambo la nyumbani kwetu, yaani lugha. Mwaka 1972 Rais Mobutu alizungumzia sera aliyoiita “naissances désirables”, yaani uzazi unaotamaniwa. Neno lilichaguliwa kwa uangalifu: halikusema kupunguza watoto, lilisema kila mtoto azaliwe akiwa anatakiwa. Hata hivyo, hadi leo mtu akitaja “kupanga uzazi” katika kartie zetu, wengi wanasikia “kukatazwa kuzaa”, na wengine wanasikia njama ya wageni. Baada ya vita vilivyoua watu wengi hivyo, hofu hiyo ina sababu yake, na haiondolewi kwa kuibeza. Anayeeleza jambo hili kwa Kiswahili, kwa Mashi au kwa Kilega lazima achague maneno ambayo mama anaweza kuyabeba hadi nyumbani: kupumzisha mwili, kuachanisha mimba, kulea yule aliyekuja kabla ya kumwita mwingine. Wazee wetu walijua kuachanisha watoto. Jambo si geni, ila maneno yake yamekuwa ya kigeni. Kazi hiyo ya maneno ni yetu, sisi wa idara za lugha, kabla ya kuwa ya waganga.

Basi, je, kila mtoto huja na sahani yake? Hesabu inasema mtoto huja na mikono miwili na tumbo moja. Sahani anaikuta au haikuti. Inatengenezwa na shamba lenye hakika, barabara ya kufika sokoni, darasa lenye dawati, bomba lenye maji, na amani inayomruhusu mkulima kuvuna alichopanda. Penye vitu hivyo, wazazi wenyewe wameona kwamba watoto watatu au wanne wanatosha, na hakuna aliyewalazimisha. Pasipo vitu hivyo, hata watoto wawili ni wengi.

Na hatua ya kwanza ni ndogo kuliko zote, nayo tumeingojea zaidi ya miaka arobaini: tuhesabiwe. Siku hiyo mama wa sombe atahesabiwa mmoja, na watano wake walio hai watahesabiwa watano. Wawili aliowazika hawatakuwamo katika karatasi. Ni kwa ajili yao, hasa, kwamba hesabu hii inafaa kufanywa.